Anayemuunguza Kinyonga ni Mwenye Taa

Mwanzoni mwa mwaka 2021 forodha ya Austria ilitangaza kwamba imekamata vinyonga 74 kwenye uwanja wa ndege wa Vienna. Msafiri aliyewabeba, mwanamume wa miaka 56, alikuwa ametoka Tanzania na kupitia Ethiopia. Aliwaficha ndani ya soksi na kwenye makopo matupu ya aiskrimu. Wengine walikuwa na umri wa wiki moja tu, wengine wamekomaa, na asili yao ilikuwa Milima ya Usambara. Watatu walikufa. Waliobaki walikabidhiwa bustani ya wanyama ya Schönbrunn, na bei yao kwenye soko la magendo ilikadiriwa kufika yuro 37,000.

Afrika Mashariki habari ile ilisomwa kama habari ya magendo, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini lipo swali ambalo wachache waliliuliza: kama msafiri yule asingekamatwa, vinyonga wale wangeishia wapi? Wangeishia sebuleni kwa watu, ndani ya vizimba vya wavu na vioo, mbali na ukungu wa Usambara, chini ya balbu. Huko kuna jeraha ambalo madaktari wanaotibu wanyama watambaao wamelizoea mno: mgongo wa kinyonga uliobabuka kwa taa ya joto.

Jeraha hilo si bahati mbaya. Kinyonga akiungua, lawama ni ya aliyefunga taa, na ya aliyeiuza bila kumweleza mnunuzi namna ya kuifunga. Haligharimu mamilioni kulizuia, wala halihitaji shahada. Linahitaji taa iinuliwe, na joto lipimwe pale mgongo wa mnyama unapofika.

Kwanza ieleweke kwa nini taa ipo. Kinyonga hatengenezi joto la mwili wake kama mbuzi au binadamu, hulichukua nje. Asubuhi kwenye msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto huko Usambara, baridi ya usiku ikiwa bado imeshika majani, kinyonga husogea pembeni mwa tawi, hubapata mwili wake, hugeuzia jua ubavu mmoja na kuwa na rangi ya giza ili ngozi inywe joto haraka. Akishapata la kumtosha, rangi hurudi kuwa nyepesi na yeye hujitoma majanini. Asipolipata, chakula hakisagiki tumboni na mwili hauna nguvu ya kupambana na maradhi. Kwa hiyo mfugaji wa Hamburg au Toronto, ambaye nyumba yake wakati wa baridi haipati jua la maana, hana budi kumwekea mnyama wake chanzo cha joto. Anayesema taa ya joto ni ukatili mtupu hajui mwili wa kinyonga unavyofanya kazi.

Tatizo ni kwamba taa si jua. Jua liko mbali, na joto lake humfikia kinyonga mwili mzima kwa nguvu ile ile, awe juu ya tawi au chini yake kidogo. Taa iko karibu, ni ndogo, na nguvu yake hubadilika kwa kila sentimita. Balbu ya kizamani ya waya hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kuwa joto. Umbali kutoka kwenye balbu tupu ukipungua kwa nusu, joto linalompiga mnyama huongezeka takribani mara nne. Sentimita kumi ambazo mwenye nyumba hazioni kuwa kitu, kwa ngozi ya kinyonga ndizo mpaka kati ya kuota na kuungua.

Ngozi hiyo yenyewe si dhaifu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Michel Milinkovitch na wenzake, walionyesha kwamba kinyonga wa Madagascar aitwaye kitaalamu Furcifer pardalis ana matabaka mawili ya seli zenye vijifuwele vidogo mno. Tabaka la juu hucheza na mwanga na kubadili rangi. La chini, lenye vijifuwele vikubwa zaidi, hurudisha nje sehemu kubwa ya mionzi ya jua, hasa ile ya joto, na watafiti waliona kwamba huenda ndilo humkinga mnyama asichemke mchana. Kinyonga, basi, amekuja duniani na kinga yake dhidi ya jua. Kinga dhidi ya balbu iliyo umbali wa kiganja hakupewa, kwa sababu kitu kama hicho hakikuwapo popote walipoishi wazazi wake.

Swali ambalo kila mfugaji mpya huuliza akimwona mnyama wake ameungua ni hili: kwa nini hakuondoka? Wapo wanaojibu kwamba kinyonga hasikii maumivu. Jibu hilo si kweli, na limewapa watu wengi kisingizio. Watambaazi wana mishipa ya fahamu inayopokea maumivu kama wanyama wengine wenye uti wa mgongo. Kinachotokea, inavyodhaniwa, ni kwamba uamuzi wa kuacha kuota hutegemea zaidi joto la ndani ya mwili kuliko la ngozi. Chini ya balbu yenye mwanga mwembamba, kipande cha mgongo chenye ukubwa wa sarafu hupata moto mkali huku damu na maini bado ni ya baridi. Anayeota moto usiku wa Julai kule Lushoto anaijua hali hiyo: magoti yanaungua huku mgongo unatetemeka. Kinyonga naye hubaki palepale akisubiri tumbo lipate joto, na kila dakika ngozi ya juu inazidi kuiva.

Na si lazima joto liwe la kutisha. Mwaka 1947 watafiti wawili wa Harvard, Moritz na Henriques, walichapisha vipimo vyao vya kuungua kwa ngozi ya nguruwe na ya binadamu. Walikuta kwamba kwenye nyuzijoto 44 za Selsiasi ngozi huhitaji kama saa sita kuharibika, na kila nyuzi moja inayoongezeka juu ya hapo, hadi kwenye 51, hupunguza muda huo kwa karibu nusu. Ngozi ya kinyonga si ya nguruwe, lakini kanuni ya muda haibadiliki: joto ambalo mkono wa mtu unalivumilia kwa dakika mbili laweza kumjeruhi mnyama anayekaa chini yake asubuhi nzima. Ndiyo maana mfugaji anayegusa tawi kwa kidole, akasema "si moto sana", hajapima chochote.

Kuna ajali nyingine inayowakumba hata walio makini. Kinyonga anayefugwa zaidi Ulaya na Marekani ni yule wa Yemeni na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, Chamaeleo calyptratus. Dume wa aina hiyo ana kishungi cha mfupa kichwani kinachopanda juu kadiri anavyokua. Mnunuzi humchukua akiwa mdogo wa miezi mitatu, hufunga taa, hupima, huridhika. Miezi sita baadaye tawi ni lile lile, balbu ni ile ile, ila mnyama amekua na kishungi kimesimama. Sehemu iliyo juu kabisa ya mwili wake sasa iko karibu na moto kuliko siku ya kwanza, na hakuna aliyerudi kupima. Baadhi ya vinyonga wa Yemeni waliokomaa vizimbani wana kovu jeusi kwenye ncha ya kishungi.

Majira nayo hubadilisha hesabu. Taa iliyowekwa Ulaya mwezi Januari, nyumba ikiwa na nyuzijoto 17, huwa ni nyingine kabisa Julai, wimbi la joto linapofikisha chumba 30. Kinyume chake pia ni hatari: chumba kikipoa sana mnyama hukaa muda mrefu zaidi chini ya balbu akijitahidi kupata joto. Jike mwenye mayai na kinyonga mgonjwa hufanya hivyo hivyo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, jambo linalouma zaidi ni jinsi vinyonga wa milima ya kwao wanavyofungiwa taa zilizokusudiwa wanyama wa nchi kame zenye joto kali. Kinyonga wa pembe tatu wa Kenya, Trioceros jacksonii, anaishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya na maeneo jirani, aina yake maarufu ikiwa kati ya mita 1,600 na 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ndugu yake wa Usambara, Trioceros deremensis, na wale wa jenasi ya Kinyongia wanaopatikana Amani, Magamba na milima mingine ya ukanda huo, wamezoea ukungu, mvua na usiku wa baridi. Wafugaji wenye uzoefu hulenga nyuzijoto 27 hadi 29 hivi mahali pa kuotea kwa wanyama hawa, na usiku huzima kila kitu ili kizimba kipoe. Kwa dume wa Yemeni au wa Madagascar hulenga 30 hadi 32. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi. Kwa mnyama wa Magamba aliyewekewa taa ya mnyama wa nchi ya joto, ni tofauti ya uhai.

Hawaii iliwahi kuonyesha, bila kukusudia, jinsi kinyonga wa Kenya anavyojimudu akiachiwa hewa na kivuli. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama huko Kaneohe, kisiwani Oahu, alipokea dazeni kadhaa za vinyonga wa pembe tatu. Walifika wamechoka, akawaachia kwenye bustani yake wapate nguvu. Wakapata nguvu, wakaondoka, na leo vizazi vyao vimesambaa kwenye visiwa kadhaa vya huko. Kimazingira lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu mnyama mgeni anayekula wadudu na konokono wa asili wa visiwa vile ni janga. Ila kuhusu joto somo ni bayana: wanyama wale hawakuhitaji balbu. Walihitaji nafasi ya kuchagua wenyewe kati ya jua na kivuli, na nafasi hiyo ndiyo kizimba kidogo chenye taa moja kali kinachowanyima.

Sasa wauzaji. Vifurushi vingi vya "kila kitu ndani" vinavyouzwa pamoja na kizimba huja na kikombe cha taa kinachokaa moja kwa moja juu ya wavu wa chuma. Maelekezo yanasema kiwekwe hapo. Kinyonga ni mpandaji. Hupanda ukuta wa wavu, hugeuka kichwa chini na kuning'inia kwenye dari, mgongo au nyayo zake zikiwa vidole viwili kutoka kwenye balbu. Wavu wenyewe umeshika moto. Kampuni inayouza kifaa hicho inajua mnyama huyu hupanda, kwa sababu kupanda ndiyo maisha yake yote. Kuacha kuweka vijiti vya kuinulia taa ndani ya kifurushi, au hata mstari mmoja wa onyo uliochapwa kwa herufi zinazosomeka, ni uzembe usio na utetezi.

Sheria haziko sawa. Uingereza na Wales zina sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, inayomtaka mwenye mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo ampatie mazingira yanayomfaa, na kinyonga yumo. Kanuni za mwaka 2018 kwa upande wa Uingereza zinamtaka pia mwenye leseni ya kuuza wanyama ampe mnunuzi maelezo ya matunzo. Marekani, ambako soko ni kubwa, sheria ya taifa ya ustawi wa wanyama inahesabu wenye damu moto tu. Mtambaazi hamo. Anayemuunguza kwa taa hajavunja sheria hiyo, na duka lililomdanganya halina leseni ya kupoteza chini yake. Pengo hilo linapaswa kuzibwa, na nchi wanakotoka wanyama hawa zina haki ya kulisema kwenye vikao vya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, CITES, ambako karibu vinyonga wote wameorodheshwa. Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Mazungumzo ya kuufungua yakirudi, na huwa yanarudi, mezani yasiwepo idadi na ushuru peke yake. Liwepo pia suala la mnyama anakokwenda kuwekwa.

Mabadiliko ya balbu yameongeza mkanganyiko. Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa balbu za waya sokoni mwaka 2009, na taa za LED zilizochukua nafasi yake hazitoi joto la kumfaa kinyonga. Baadhi ya wafugaji walikimbilia vipasha joto vya kauri, vinavyotoa joto bila mwanga. Ni uamuzi mbaya kwa mnyama huyu. Uso wa kifaa hicho hupita nyuzijoto 200, hakionekani kuwa kinawaka, na kinyonga, ambaye tangu utotoni joto kwake ni mwanga, hana namna ya kukihofia. Balbu ya halojeni yenye mwanga mpana, nje ya kizimba, ni bora zaidi: joto lake hutawanyika badala ya kuchoma sehemu moja. Ndani ya kizimba hakuna balbu inayostahili kukaa, kwanza kwa sababu mnyama ataigusa, pili kwa sababu maji ya kunyunyizia majani yakiirukia ikiwa ya moto kioo chaweza kupasuka.

Kupima nako kuna namna yake. Kile kipimajoto cha duara kinachobandikwa ukutani mwa kizimba hupima hewa ya ukutani, hakimwambii mtu lolote kuhusu mgongo wa mnyama. Kinachotakiwa ni kipimajoto chenye waya na ncha ya kuhisi, ncha hiyo ifungwe si kwenye tawi bali juu yake, kwa kimo cha mgongo au kishungi cha kinyonga akiwa amekaa. Iachwe hapo saa nzima, taa ikiwaka. Taa iwe imening'inizwa juu ya wavu, sentimita 20 hadi 30 kutoka sehemu ya juu kabisa ya mnyama kama mahali pa kuanzia, kisha kipimo ndicho kiamue. Swichi ya kupunguza nguvu ya taa husaidia sana, na ni rahisi kuliko kumtafuta daktari. Matawi ya kufikia dari karibu na taa yaondolewe. Upande wa pili wa kizimba uwe na majani mazito na kivuli cha kweli.

Ajali ikishatokea, dalili za siku ya kwanza hudanganya. Mara nyingi huonekana doa lililopauka au la kijivu kwenye uti wa mgongo au kwenye kishungi, ambalo mwenye mnyama hudhani ni ngozi inayojivua. Siku chache baadaye doa huwa jeusi, malengelenge hutoka, ngozi mfu hukauka na chini yake usaha huweza kujikusanya. Hapo maambukizi yakiingia kwenye damu mnyama hufa. Yale ambayo wengi hukimbilia mtu akiungua jikoni, yaani dawa ya meno, yai bichi, mafuta ya kupikia, yasipakwe kamwe. Sehemu ioshwe kwa maji safi ya uvuguvugu ulioelekea ubaridi, taa iondolewe au iinuliwe papo hapo, na mnyama apelekwe kwa daktari anayejua watambaazi, ambaye ataamua kuhusu dawa ya kupaka, ya maumivu na ya kuzuia maambukizi. Kupona huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na kovu halifutiki.

Nyumbani Afrika Mashariki kinyonga ni mnyamapori anayelindwa na sheria, si wa kuokotwa bustanini na kutiwa ndani ya ndoo. Wanaomweka kwenye kizimba cha wavu juani bila kivuli, ili wageni wampige picha, wanamfanyia yale yale yanayofanywa na balbu ya Ulaya. Mabanda ya maonyesho ya watalii yakaguliwe kwa jicho hilo.

Kwa familia za Waswahili walioko Ulaya au Amerika ya Kaskazini ambazo mtoto ameomba kinyonga, ombi ni fupi. Msinunue aliyetolewa porini. Ulizeni karatasi za mahali alipozaliwa, na muuzaji akisitasita ondokeni. Kisha, wiki moja kabla mnyama hajaingia ndani, washeni taa kizimba kikiwa kitupu, asubuhi hadi jioni, na msome kipimo pale mgongo wake utakapokaa. Kikivuka kiwango cha aina mliyoichagua, inueni taa na mpime tena. Rudieni kila majira yanapobadilika na kila mnyama anapokua. Kizimba ambacho hakijapita jaribio hilo hakifai kupokea kinyonga.